Karatasi Iliyosema Baba Yako Hajaoa

Nasra mwanangu,

Salamu nimekupa asubuhi na nitakupa tena ukirudi, kwa hiyo hapa sizirudii. Wewe na baba yako mmevuka kwenda Deira kutafuta begi jingine, maana lile la kwanza amelipima mara tatu na mara tatu limemshinda. Nawajua nyinyi. Mtazunguka maduka yote, atasema hili zipu yake mbovu, hili magurudumu yake ya kuchezea watoto, kisha mtarudi na lile la duka la kwanza. Nina nafasi mpaka magharibi.

Sikuandikii habari za sweta wala dawa za kikohozi wala kula vizuri. Baba yako keshakuandikia kurasa nne za hayo, kapigia na mistari kwa rula. Mimi nina jambo moja tu, ambalo humu ndani tumelizunguka miaka minane kama kabati kubwa katika chumba kidogo.

Mwezi wa pili ulikaa hapa mezani ukijaza fomu ya kuomba msaada wa ada ya chuo. Nikaja na chai. Ulikuwa umefika mahali pa mama, na uliponiona ukaweka kiganja juu ya karatasi. Unadhani sikuona? Fomu ile ilitaka namba ya mama, ile wanayopewa raia na wakaazi wa Marekani, na asiyekuwa nayo hujaziwa sifuri. Ukanijazia sifuri zangu tisa chini ya kiganja, ukaniambia, "Ahsante, mama, chai nzuri," na hujaionja. Uliogopa nitavunja nyumba tena kwa sababu ya karatasi. Nami nikarudi jikoni nikasugua sufuria iliyokuwa safi.

Tangu una miaka kumi unaamini kwamba wewe ndiye uliyenitenganisha na baba yako miezi ile mitatu. Hujalisema hata siku moja, lakini mimi ndiye niliyekuzaa. Hujanisomea kitu kwa sauti tangu siku ile, hata bei ya unga. Kesho unapanda ndege kwenda chuoni Marekani, na mzigo huo sitaki uvuke nao. Nitakueleza ilivyokuwa, na yale yanayoniaibisha sitayaruka.

Baba yako, unajua, alizaliwa Tanga, akaenda Marekani kusoma, akapata uraia wao, kisha kazi ikamleta hapa. Alinioa nyumbani kwa babu yako Deira, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, kwa mahari niliyoitaja mwenyewe kwa kinywa changu. Wamarekani wana mambo yao: raia wao hata akajifiche wapi, kila mwaka lazima awaandikie alichokipata. Hapa Dubai hakuna anayekuuliza habari za kodi ya mshahara, kwa hiyo jambo lile mimi nililiona kichekesho. Kila mwaka karibu na mwezi wa sita baba yako alijifungia chumbani na makaratasi. Nilimpelekea kahawa na tende, nikirudisha mlango polepole kama kuna mgonjwa ndani. Wenzangu wakiniuliza anafanya nini, nasema, "Makaratasi ya Marekani, mimi siyajui," na nilisema kwa maringo. Nilijivunia kutojua. Hilo ni kosa langu la kwanza, na nililifanya miaka mingi bila ya mtu kunilazimisha.

Fomu yao huuliza: umeoa? Ukisema ndiyo, inataka namba ya mke. Mke ni mimi, mwenye pasipoti ya Tanzania, ambaye sijaikanyaga Marekani hata kwa ndoto. Mgeni huombewa namba yake ya kodi: ujaze fomu nyingine, pasipoti ithibitishwe kwenye ubalozi wao mdogo, zitumwe pamoja, usubiri miezi. Mwenzake mmoja kazini akamwambia, "Weka singo, yakhe, nani atakuja kukagua?" Mwaka wa kwanza ilikuwa uvivu. Wa pili ikawa mazoea.

Kisha ukazaliwa wewe. Akakuandikisha uraia, ukapata namba yako hata kitovu hakijapona vizuri, na mwaka ule akakuingiza kwenye fomu. Mtoto akaandikwa, mama hakuandikwa. Kwa hiyo karatasi ya baba yako ilisema, mwaka baada ya mwaka, kwamba huyu mtu hajaoa na ana mtoto mmoja.

Wewe umekulia kwetu, unajua mtoto wa mtu ambaye hajaoa anaitwaje, na mama yake anaitwaje. Katika mji huu hilo si la kusutana tu, ni la polisi. Na mimi viza yangu ya ukaazi imegongwa kwa kuwa ni mke wa mtu huyo huyo! Kwa serikali ya hapa nilikuwa mke halali, kwa serikali ya huko nilikuwa sipo.

Siku yenyewe unaikumbuka. Ilikuwa Ijumaa baada ya chakula. Nilikuita, nikakupa karatasi ya baba yako, Kiingereza kitupu, nikasema nisomee hapa. Ukasoma kwa ile sauti yenu ya skuli, umesimama wima.

"Imeandikwa singo, mama."

"Maana yake nini?"

"Hajaoa." Ukacheka, ukadhani ni mchezo. "Mama, baba hajaoa!"

Baba yako akatoka msalani, ndevu zinachuruzika maji ya udhu.

"Umeoa wewe, au hujaoa?" nikamuuliza.

"Zuwena, hiyo ni karatasi tu."

"Na cheti cha ndoa ni nini? Ni mkeka?"

"Khalas, basi, mwaka ujao nitarekebisha."

"Mwaka ujao ndiyo unaoa? Hongera. Utanialika?"

Kabla ya alasiri tulikuwa ndani ya mashua ya abra tunavuka hori kwenda kwa babu yako, mimi na begi la nguo, wewe na mkoba wa skuli. Hukucheka tena.

Mwanamke wa kwetu akirudi kwao, mume huja na wazee kumtuliza, na mkononi haji mtupu. Ijumaa ya tatu baba yako akaja na wazee wawili na bangili za dhahabu ndani ya kisanduku chekundu. Babu yako akawapa kahawa. Wazee wakazungumza yao, ndoa ni kuvumiliana, vyombo havikosi kugongana, nami nimesimama nyuma ya pazia la ukumbini nasikiliza. Waliponiuliza nataka nini nikasema, "Bangili arudi nazo. Mimi nataka niandikwe."

Wakatazamana. "Uandikwe wapi, mwanangu?"

"Huko alikojiandika kapera."

Mmoja akakohoa. "Sasa hiyo serikali ya Marekani inahusu nini na unyumba wa watu?"

"Muulizeni yeye. Yeye ndiye aliyeipelekea habari."

Babu yako, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa maneno. Akakirudisha kile kisanduku kwa kidole, mpaka kikafika kwenye goti la baba yako. "Mwanangu kwenye karatasi zako hana nafasi," akasema. "Hapa kwangu anayo." Wakamaliza kahawa yao wakaenda. Nilijiona mkubwa siku ile, Nasra. Mpaka leo nikikumbuka uso wa yule mzee nacheka peke yangu, na sijutii hata neno moja nililosema.

Ninayoyajutia yalikuja baadaye, nawe hujawahi kuyasikia.

Baba yako alikwenda kwa mhasibu mmoja hapa Bur Dubai anayejua mambo ya Wamarekani. Akaambiwa njia za halali ni mbili. Ya kwanza, aandike kuwa ameoa, mke ni mgeni hana namba, na kila mtu yuko kivyake. Ya pili, mke aombewe namba, waandike pamoja, watie saini wote wawili. Akaja mbio na ile ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa nyepesi.

"Kivyake ni jirani," nikamwambia. "Mimi sikuolewa kuwa jirani yako."

"Basi hiyo ya pili. Lakini ujue, tukiandika pamoja, changu na chako vyote vinaingia." Akatabasamu kwa upole, maskini. "Kwa upande wako hamna kitu, wewe ni kutia saini tu."

Hamna kitu! Wewe uliniona nikishona kofia, umekua unaniona: kitambaa cheupe, sindano, tundu moja moja za viua. Baba yako alidhani nawashonea ndugu zangu. Alikuwa akinihurumia kwa wingi wa ndugu. Ukweli ni kwamba kofia zile ziliuzwa kwenye duka moja Deira, Waomani wanazinunua, na wanazinunua kwa bei nzuri. Tangu mwaka wa pili wa ndoa nilikuwa nauza, na malipo nayatia kwenye kopo la maziwa ya unga nyuma ya gunia la mchele.

Hela za mwanamke ni zake, dini imesema, na mimi sioni haya kwa hilo hata leo. Lakini sitakudanganya kwamba kopo lile lilikuwa la hivi hivi. Nilikuwa na shangazi aliyepewa talaka akatoka na mfuko wa nguo na sufuria mbili. Tulimpokea mlangoni, mimi nina umri uliokuwa nao wewe siku ile ya karatasi, na nikaapa kwamba mimi sitatoka hivyo. Kopo lile lilikuwa la siku ya talaka. Mume ananiletea maziwa na samli, ananiita mama Nasra, na mimi kila nikiuza kofia nazidi kujitayarisha kuondoka.

Kwa hiyo fomu ilipokuja, mimi niliyepiga kelele niandikwe nikakataa kuandikwa. Baba yako akadhani bado nina hasira. Wazee wakasema binti Salim ana kichwa kigumu. Nikawaacha waseme, maana afadhali kuitwa mkaidi kuliko kufunua kopo. Mwezi mzima ulipita hivyo. Katika miezi mitatu uliyolala kwa babu yako ukimlilia baba, miwili ni ya baba yako, sibishi. Mmoja ni wangu.

Ni mwezi ule ndipo uliponijia na kamusi. Ulikuwa umelishika neno kwa kidole ukurasa usipotee. Ukasema, "Mama, labda nilisoma vibaya. Hili neno lina maana nyingi. Tazama, hapa imeandikwa moja tu. Labda baba alitaka kusema ana mke mmoja tu." Mtoto wa miaka kumi, umekaa umepekua mpaka umepata mlango wa kumtoa baba yako. Nami nikasema nini? Nikasema, "Nenda kalale."

Hilo ndilo neno langu baya kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu duniani, na nililisema kwa sauti ya chini.

Asubuhi yake nilivuka peke yangu, nikaingia nyumbani baba yako akiwa kazini, nikalichukua kopo. Jioni alipokuja kwa babu yako na fomu zake, nikalimimina mkekani mbele yake. Alizitazama hela, kisha akaitazama kofia niliyokuwa nimeanza kushona.

"Kofia?" akauliza.

"Kofia."

"Na wale ndugu zako wote?"

"Hawapo."

Akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha hakucheka tena. "Ulikuwa unajiandaa kuniacha, Zuwena."

"Na wewe ulikuwa hujanioa."

Babu yako akapita, akaona hela mkekani, akapita tena kama hajaona. Nakumbuka baba yako akanyoosha noti moja iliyokunjika, akaiweka juu ya zenziwe, akasema, "Haya. Tuandike." Tukaandika. Cha kwake, cha kwangu, kila kofia niliyoikumbuka. Miaka ya nyuma iliyokubalika kurekebishwa tukairekebisha. Usiku huo huo wa Alhamisi tulirudi nyumbani, wewe umelala begani kwake.

Na hapo bado hatujajua kuandika. Baba yako akataka kunifurahisha: kwenye fomu ya kuomba namba, mahali pa jina la ukoo, akaniandika kwa jina la ukoo wake. Alidhani ananipa zawadi, ndivyo wafanyavyo wake wa huko. Baada ya miezi karatasi zikarudi, pasipoti inasema mwingine, fomu inasema mwingine. Nikamwambia mimi nina baba, yuko Deira, hajafa. Tukaandika upya, Zuwena Salim Omar, na namba ikaja, ya kodi tu, si ile ya raia iliyotakiwa na fomu yako ya chuo. Unajua na kodi yenyewe? Mshahara wa nje wana kiwango wanachokisamehe, na wa baba yako haukukifikia. Angeandika kweli tangu mwanzo asingelipa kitu. Alinifuta miaka yote ile bure. Hilo nilimcheka, na nitamcheka mpaka nizikwe.

Nikukabidhi nini katika haya? Sikwambii usiweke kopo. Weka, nami nitakutumia la kuanzia. Lakini utakayeishi naye umwambie lipo. Na karatasi yoyote utakayoambiwa utie saini, na mtu yeyote yule, hata awe anakupenda namna gani, isome mpaka mwisho na jina lako uliandike lote. Wakitaka sifuri wape sifuri, zile ni zao. Usinifunike na kiganja tena. Mimi si wa kufunikwa.

Sasa limebaki moja, na nimelizunguka barua nzima.

Nasra, nilijua. Mwaka mzima kabla ya wewe kunisomea, nilipokwenda kutengeneza viza kwenye ofisi ya taipu pale karibu na soko la vitambaa, karatasi ile ilikuwa imejichanganya na zangu. Dada mmoja Mkenya aliyekuwa akichapa, Wambui, akaisoma, akaitazama tena, akaniambia polepole, "Dadangu, hapa bwanako amejiandika singo. Mtoto yuko, lakini wewe hauko." Nikamshukuru. Nikairudisha karatasi mahali pake, nikapika chakula cha mchana, na sikusema kitu, kwa sababu ya kopo. Yeye na siri yake, mimi na yangu. Ilinifaa, mwanangu. Nilikaa nayo mwaka, na usingizi nilipata.

Ila Ijumaa ile tulikuwa na wageni kwa chakula, na baba yako akasema mbele yao, "Mimi na Zuwena hatuna siri." Hilo likanishinda kumeza. Wageni walipoondoka nikaitoa karatasi. Lakini ningesema mimi, angeniuliza nimejua lini, na mwaka mzima nimenyamaza kwa nini. Nilitaka ionekane imegunduliwa siku ile. Nilitaka itoke kwenye kinywa kingine. Nikatazama nyumbani nikaona mwenye kujua kusoma Kiingereza, ukimtoa baba yako, ni wewe.

Neno lile nililijua. Nilipokuuliza maana yake nini, nilikuwa najua maana yake. Nilikupa bomu ukalishika mkononi, na uliposhituka kwa kishindo nikakuacha udhani umelitengeneza wewe. Ukaleta kamusi, nikakwambia kalale. Miaka minane nikakuona unakuwa mtoto mtulivu, mtoto asiyeuliza, watu wananisifu malezi, na mimi nazipokea sifa. Baba yako nilimsomesha adabu mbele ya wazee kwa uongo wa kalamu. Uongo wangu mimi hakuna aliyesimama nyuma ya pazia kuudai. Ulikuwa unadaiwa na mtoto, na mtoto hakujua kwamba anadai.

Hukusoma vibaya. Ulisoma sawasawa kila herufi.

Baba yako hajui haya ya Wambui. Atayajua leo, nitamwambia mwenyewe mkiweka begi chini. Akitaka kwenda kwao Tanga, njia anaijua, na wazee nitatafuta mimi.

Kina mama wengine huwatilia watoto barua mkobani waisomee angani, mama keshabaki huku salama. Mimi sitaki salama hiyo. Nakupa mkononi ukiingia tu mlangoni, na utaisoma leo, humu humu ndani. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kunipigia kelele, piga, majirani watazoea. Una haki ya miaka minane na una usiku mmoja, usiutumie kunihurumia.

Nipo jikoni. Mlango sifungi.

Mama yako,
Zuwena binti Salim bin Omar